Mipango Mia Sita na Visima Viwili

Kwanza ilisikika chaki. Kwii, kwii, kwii, halafu kimya, kama mtu aliyeuliza swali na sasa anasubiri mkono unyooshwe. Kisha tena, kwii, kwii. Aliyepita kwenye ujia wa jengo la zamani la Chuo Kikuu cha Taifa aliisikia chaki hiyo kabla hajauona mlango, na wengi walipoisikia walikumbuka kwamba walikuwa na safari ya upande mwingine.

Nyuma ya mlango huo, Chumba Namba 14, palikuwa na viti thelathini, ubao mmoja, kabati la kijani, na Bi. Siwema Kitandu. Alikuwa mtafiti msaidizi wa miaka hamsini na sita, mjane, na kila Alhamisi saa nne asubuhi alifundisha somo liitwalo Kupanga Utunzaji wa Takwimu. Somo lenyewe halikuwa gumu. Lilisema hivi: kabla hujaenda kupima kitu, andika utapima nini, utaandika wapi, kila herufi kwenye jedwali lako ina maana gani, nani atatunza, na atakayekuja baada yako atajuaje. Mtoto wa darasa la nne angelielewa kabla ya kengele ya mapumziko. Ndiyo maana maprofesa hawakuja.

Kwa miaka mitatu viti vilikuwa vitupu. Kanuni ilisema somo lifanyike kila Alhamisi. Haikusema lifanyike mbele ya watu. Basi Bi. Siwema alivifundisha viti. Kimoja karibu na dirisha kilikuwa na mguu mfupi, upepo ukivuma kiliyumba, naye alikuwa akikiambia, "Naam, wewe unayetikisa kichwa, una swali?" Mwisho wa kipindi alifungua daftari la mahudhurio akaandika: Mwalimu, yupo. Wizara ilipolipokea daftari hilo ilifurahi sana, kwa kuwa miongoni mwa waliohudhuria hakuna hata mmoja aliyefeli.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo wanayo yao.

Nchi hiyo ilikuwa na Waziri wa Mipango ya Takwimu, Mheshimiwa Profesa Luhende, ambaye aliupata uwaziri kwa njia ya halali kabisa, yaani utafiti. Miaka kumi na miwili nyuma alizunguka vijijini na gari jeupe akipima maji ya visima, akatunga kitabu chenye jalada la bluu. Kitabu kilipelekwa kwa Rais. Rais akaipenda bluu.

Huyu ndiye aliyezindua kampeni ya Kila Mtafiti na Mpango Wake. Siku ya uzinduzi alisimama mbele ya wasomi wote wa taifa, akavua miwani, akaivaa tena, akasema:

"Ndugu wasomi! Taifa lisilopanga takwimu ni sawa na taifa lisilo na takwimu za mipango! Na mipango isiyo na takwimu za kupangia takwimu, hiyo, ndugu zangu, ni karatasi tu!"

Makofi yalipigwa dakika saba. Palikuwa na afisa wa kuyahesabu, naye aliyahesabu kwa bidii, ila hakuandika alichokuwa akihesabu. Kwa hiyo mpaka leo katika kumbukumbu za Bunge ipo namba 4,118 peke yake katikati ya ukurasa, na wabunge husimama dakika moja kila mwaka kuiheshimu.

Baada ya hotuba ilitoka amri: mtafiti asiye na mpango wa kutunza takwimu hapandi cheo. Hapo ndipo elimu ilipoamka. Usifikiri walikwenda Chumba 14 kujifunza. Dokta Mkwizu, Mwenyekiti wa Kamati ya Kukubali Mipango, alipita nje ya dirisha la Bi. Siwema, akaona ubaoni mfano wa mpango ambao mwalimu yule alikuwa amewaandikia wanafunzi wake, yaani viti. Akatoa simu, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la wahadhiri na maneno haya: "Hiyo hapo jamani, tusisumbuane."

Kwa siku nne mipango mia sita na kumi na moja ilikuwa imewasilishwa. Mfano wa ubaoni ulihusu maji, basi mipango yote ilihusu maji. Profesa wa tungo za kale aliahidi kuweka sampuli zake kwenye friji kwa nyuzi nne. Mtaalamu wa nyota aliapa kukiosha chombo chake kwa maji safi baada ya kila nyota. Na yote mia sita na kumi na moja, bila kukosea hata herufi, ilimalizia kwa sentensi ile ile: Takwimu zitatunzwa na Siwema Kitandu, Chumba 14, kabati la kijani.

Wizara ilitangaza ushindi. Wasomi mia sita, nia moja! Ukatungwa hata wimbo, ukaimbwa redioni kabla ya taarifa ya habari:

Takwimu tuzitulize,
kwa mpango tujikaze,
chumbani tuzijalize,
kabatini kwa Siwema.

Mizani yake imetimia, minane minane. Katika kampeni nzima hicho ndicho kitu pekee kilichopimwa sawasawa.

Na ndani ya kabati mlikuwa na nini? Kanga moja ya akiba kwa siku za mvua, kikombe, boksi la chaki. Hakuna aliyeleta kitu. Nchi nzima iliimba jina la Bi. Siwema, na asubuhi alipopita getini mlinzi bado alimuuliza, "Wewe mama, unakwenda kwa nani?"

Alhamisi moja mlango ukafunguliwa katikati ya kipindi. Akaingia mwanaume wa makamo, viatu vyekundu kwa vumbi, kofia mkononi. Alitazama viti vyote vitupu, akachagua cha nyuma kabisa kama mtu asiyetaka kumpunguzia mwingine nafasi, akakaa.

Bi. Siwema alisahau alichokuwa akiandika. Chaki ilimvunjikia mkononi.

"Karibu," alisema. "Karibu sana. Tuko... tulikuwa sehemu ya tatu, lakini nitaanza upya. Nitaanza mwanzo kabisa. Wewe uko idara gani?"

"Mimi natoka Lukonde, mwalimu."

"Idara ya Lukonde?"

"Kijiji cha Lukonde. Naitwa Mahimbo. Nimezunguka hapa chuoni tangu juzi. Kila ofisi nikiuliza takwimu wanafungua karatasi, wanasoma, wananiambia nenda Chumba 14. Ofisi kumi na tisa. Mwalimu, wewe ni mtu mkubwa sana."

Bi. Siwema alikaa kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa upande ule wa chumba.

"Unatafuta takwimu gani, ndugu yangu?"

Mahimbo akaeleza. Lukonde ina visima viwili, kimoja huitwa Ndago na kingine huitwa Kwa Mkwe. Watu huteka popote, kutegemea mguu na foleni. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuja msomi mwenye gari jeupe, akachota maji ya visima vyote viwili kwenye vichupa, akasema kimoja kati ya hivyo huenda kina madini yanayopinda mifupa ya watoto. Akala, akashukuru, akaondoka.

"Na kweli inapinda?" Bi. Siwema aliuliza.

"Mjukuu wangu wa kwanza ana matege, mwalimu. Akikimbia, wenzake wanapitisha mpira katikati ya miguu yake na wanacheka. Naye anacheka, mtoto mwenyewe ana roho. Lakini sasa yuko mdogo wake, Chiku. Ndiyo kwanza anasimama dede." Akaigeuzageuza kofia. "Jumamosi ijayo Serikali inatuletea pampu. Sera inasema kijiji kimoja, kisima kimoja. Kimoja kitawekewa pampu, kingine kitafukiwa. Siku zote tumekunywa kwa kuchanganya. Baada ya Jumamosi Chiku atakunywa maji ya aina moja tu, maisha yake yote. Mimi nimekuja kuuliza kipi."

Hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali ndani ya chumba kile. Bi. Siwema alifunga daftari la mahudhurio, akasahau kumwandika.

Walitafuta siku nzima. Kompyuta ya Profesa Luhende ya zamani ilikuwa imefanywa kigoda cha kuegeshea mlango wa ghala. Lakini nyuma yake, ndani ya boksi lililoandikwa Mapazia, Bi. Siwema aliiona karatasi: Lukonde, tarehe, sahihi, na jedwali lililochorwa kwa rula. K1, nukta nane. K2, saba nukta sita.

"Nisomee," Mahimbo alisema.

"Kipimo salama hakizidi moja na nusu. K1 ni maji mazuri. K2 yanapinda mifupa. Hakuna shaka kabisa."

"Alhamdulillahi! Sasa K1 ni kipi?"

Bi. Siwema aligeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. Akaigeuza tena, kana kwamba upande wa kwanza ungeweza kuwa umejifunza kitu wakati huo mfupi.

"Hakuandika," alisema.

Mahimbo alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha akaacha.

Waziri aliwapokea baada ya wao kukaa siku mbili kwenye benchi, chini ya bango kubwa lenye picha yake na maneno Uliza Takwimu. Aliishika ile karatasi kama mtu anayeshika picha yake ya ujanani.

"Kazi yangu hii! Tazama mistari ilivyonyooka. Vijana wa leo hawawezi."

"Imenyooka, Mheshimiwa," Bi. Siwema alisema. "K1 ni kisima gani?"

"K1 ni kisima cha kwanza."

"Cha kwanza kutoka wapi?"

"Mama, unajua nilipima visima vingapi? Mia mbili na arobaini! Unataka nilikumbuke kila shimo?"

"Sitaki ukumbuke, Mheshimiwa. Nilitaka uwe umeandika."

Katibu muhtasi aliyekuwa akinukuu mazungumzo aliinua kalamu, akangoja aambiwe kama sentensi hiyo ilisemwa au haikusemwa. Mahimbo akaona ajaribu njia ya nyumbani.

"Mheshimiwa, ulikula kwetu. Tulikuchinjia jogoo mwekundu. Baada ya kula ulianza kwenda kisima kipi?"

Uso wa Waziri ulifunguka. "Jogoo namkumbuka! Alipikwa na ndimu. Mke wako hajambo?"

"Alifariki."

"Pole sana. Alikuwa mpishi."

Lakini serikali haikosi jibu. Kamati ya watu kumi na wanne iliitwa siku ile ile, ikakumbusha utaratibu ambao kila raia wa nchi ile anaujua tangu chekechea: kuhesabu huanzia alipo mgeni rasmi. Viti huhesabiwa kuanzia kwake, mistari ya wanafunzi huanzia kwake, hata milima ya nchi ile ilipewa namba kwa kufuata dirisha la gari lililokuwa wazi. Hivyo suala lilikuwa jepesi. Hema la mgeni rasmi litakuwa Ndago, kwa sababu barabara inafika pale na kule Kwa Mkwe haifiki. Basi Ndago ndicho K1, nukta nane, maji salama. Kwa Mkwe ndicho K2, nacho kifukiwe siku hiyo hiyo, kisije kikaleta utata kwenye takwimu.

"Mheshimiwa," alisema Bi. Siwema, "maji hayajui hema litakaa wapi."

"Yatajulishwa," alisema Waziri.

Chuoni, milango mitano kutoka Chumba 14, palikuwa na kipimo cha madini ya maji, kidogo, kinaingia kwenye mkoba. Kilikuwa hakijatoka kabatini miaka sita, kwa hiyo kilikuwa kizima. Ili kukiazima ulihitajika mpango wa kutunza takwimu uliokubaliwa. Bi. Siwema alikaa chini akaandika wake. Tangu nchi ile ipate chuo kikuu, huo ulikuwa mpango wa kwanza kuandikwa na mtu aliyenuia kuufuata. Aliandika: visima ni viwili. Kila chupa itaandikwa jina la kisima kama wenyeji wanavyokiita, siku, saa na jina la aliyeteka. Nakala moja ya majibu itabaki shuleni Lukonde, ukutani, kabla nyingine haijaja chuoni. Akataja na sababu: mtoto Chiku, mwaka mmoja.

Dokta Mkwizu alimwita kesho yake. Alikuwa amejaa huzuni ya kikazi.

"Bi. Siwema, mpango huu umeutoa wapi?"

"Nimeuandika."

"Naelewa umeuandika. Umeutoa wapi?"

"Kichwani, Dokta."

"Ndiyo maana." Akageuza kioo cha kompyuta aone. "Mashine yetu inalinganisha kila mpango na mipango iliyokwisha kubaliwa. Ukifanana asilimia tisini unapita. Wako umefanana asilimia nne. Na hizo nne ni jina lako."

"Lakini mipango yote mliyoikubali ni mimi niliyeiandika!"

"Haswa. Sasa kwa nini hukuinakili? Wenzako wote wamekuheshimu, wewe peke yako umejidharau." Akashusha sauti kama rafiki. "Dada yangu, futa hii habari ya mtoto. Toa haya majina ya visima, yanaonekana ya kienyeji. Weka friji. Usafishe, uulete mwezi ujao."

"Pampu inawekwa Jumamosi."

"Basi mwezi ujao utakuwa na nafasi nzuri ya kutulia," alisema Dokta Mkwizu, na alimaanisha mema.

Bi. Siwema alirudi chumbani kwake. Haikuwa Alhamisi, lakini alisimama mbele ya viti thelathini. Alikuwa na jambo la kusema na alitaka sana kumwambia mtu. Alifungua mdomo, akaviangalia, akaona ni viti.

Ijumaa alifika Lukonde. Mahimbo, aliyekuwa ametangulia kurudi, alimpokea na kumlaza nyumbani kwa binti yake Tabu, mama yake Chiku. Mtoto alimsogelea mgeni kwa kushika ukuta, akaachia, akasimama dede, mikono juu kama anayejisalimisha, akaanguka kwa makalio, akajipigia makofi mwenyewe. Miguu yake bado ilikuwa imenyooka kama mistari ya jedwali la Profesa Luhende.

Jumamosi hema lilisimama Ndago, jeupe, lenye viti vilivyohesabiwa kutoka katikati. Upande wa pili wa kijiji, Kwa Mkwe, greda lilikuwa limeletwa kwa kupasua shamba la watu, likinguruma taratibu karibu na kisima. Waziri alihutubia saa moja na robo. Alisema Lukonde sasa ni kijiji cha kwanza katika taifa kunywa maji yaliyopangwa. Akamaliza kwa maneno ambayo kila hotuba ya nchi ile humalizia:

"Kuna mwenye swali?"

Hilo si swali katika nchi ile. Ni ishara kwamba soda zigawanywe. Wagawaji walikwisha kuinuka na makreti yao Bi. Siwema alipounyoosha mkono, na kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kumkataza mtu jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, alipewa kipaza sauti.

"Mimi ndiye Siwema wa kabati la kijani," alisema. Watu wakacheka na kushangilia. Walimjua kwa wimbo. "Mmeambiwa maji haya yana takwimu na mimi ndiye mtunzaji wake. Nasema mbele yenu: sijui. Sijui kisima kipi ni kizuri. Mheshimiwa naye hajui. Hakuna anayejua. Msifukie kisima hata kimoja."

Neno hilo, sijui, halikuwa limewahi kusikika kwenye kipaza sauti cha serikali tangu uhuru. Fundi mitambo alidhani waya umekatika. Akakimbilia, akagonga kipaza sauti, "Hodi, hodi, moja, mbili," akakirudisha kwa Waziri. Naye Waziri akapiga makofi.

"Mmemsikia mtaalamu! Mimi sina la kuongeza."

Redio jioni ile ilisema mtaalamu alihudhuria na hakuwa na shaka. Waziri alikuwa na uzinduzi mwingine saa nane, wa daraja lililosubiri mto. Msafara uliondoka. Watu walibaki wakigombea chupa za soda, na nani awalaumu, soda ilikuwa ya baridi.

Bi. Siwema aliteremka peke yake kuelekea Kwa Mkwe. Hakuna aliyemfuata. Aligeuka mara moja katikati ya njia, akaona vumbi la magari na migongo ya watu, akaendelea. Alipofika alikaa juu ya ukingo wa mawe wa kisima, akaweka mkoba magotini, akalitazama greda.

Dereva, kijana mnene aitwaye Chenga, alitoa kichwa.

"Mama, unaomba lifti?"

"Hapana."

"Basi sogea nifukie hilo shimo."

"Sisogei."

Chenga alitafuta mtu wa kumuuliza. Wote walikuwa wamekwenda darajani. Alitoa karatasi yake ya kazi mfukoni, akaisoma mbele na nyuma. "Hapa imeandikwa kufukia kisima," alisema. "Kufukia mtu haikuandikwa." Akazima injini.

Baada ya muda Chenga alishuka, akachungulia kisimani, akauliza kuna nini humo hasa. Bi. Siwema akamweleza yote, K1 na K2, jogoo na hema, mashine ya Dokta Mkwizu. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, maana ndiyo kazi yake. Chenga alisikiliza huku akijikuna shingo.

"Yaani mmeshindwa kupima maji? Mama, dada yangu yuko maabara, kiwanda cha soda, hapo mjini Kibwere. Wanapima maji kila asubuhi. Madini yote. Soda ikikosa ladha mtu anafukuzwa."

"Wanapima kila asubuhi?"

"Kila asubuhi! Kwani soda ni mchezo?"

Mahimbo alikuwa amefika, akihema, na chupa ya soda aliyoitwaa akidhani mwalimu ana kiu. Bi. Siwema aliimwaga mchangani yote bila kuomba radhi, akaisuuza mara tatu. Wakapata na ya pili. Moja Mahimbo aliteka Kwa Mkwe, nyingine alikimbia nayo Ndago. Bi. Siwema alimkabidhi kalamu, akasimama nyuma ya bega lake, na Mahimbo akaandika juu ya karatasi za kubandika zilizotoka mkobani, polepole, ulimi nje: jina la kisima, Jumamosi, saa tisa, aliyeteka ni Mahimbo. Alipofika mwisho aliuliza kama aandike na kwamba jua lilikuwa kali. "Andika," alisema Bi. Siwema. "Andika kila unachokiona."

Greda halina mbio. Kibwere ni siku moja na nusu kwa mwendo wake, siku moja ya kungoja dada amalize zamu yake, na kurudi. Chenga alisema atawaambia wakubwa kwamba lilipata homa. Mahimbo alipanda ngazini, chupa mbili zimefungwa kifuani kwa kanga ya Tabu, na mashine ile iliyoletwa kufukia kisima ikaondoka na maji yake, ikinguruma kupita shamba lile lile.

Wakabaki Bi. Siwema na Tabu, na Chiku akishikilia ukingo wa mawe kwa mikono miwili. Chini, giza la maji. Pampu mpya iling'aa kule Ndago na watu walikuwa wameanza kupanga ndoo.

"Mwalimu," Tabu aliuliza, "na leo huyu anywe wapi?"

"Shuleni kuna pipa la mvua?"

"Lipo. Nusu."

"Anywe hilo. Waambie na wenye watoto wadogo."

"Hawatanisikia. Waziri amesema Ndago." Tabu alimtazama yule mwanamke wa mjini, viatu vyake vya ofisini, mkoba wake. "Na wewe kesho utaondoka. Wenye vichupa huwa mnaondoka."

Bi. Siwema alivua viatu, akaviweka kando ya kisima.

"Tabu, nisikilize, na uwaite majirani kama hutaki kusikia peke yako. Mimi Siwema binti Kitandu sitoki Lukonde mpaka jina la kisima kibaya liandikwe juu ya jiwe lake, jina lile mnalokiita ninyi, na siku, na kipimo, na chini yake jina langu, ili mtoto huyu akijua kusoma asimtafute mtu wa kumuuliza. Nikiondoka kabla ya hapo, mwambie akikua kwamba nilikuwa mwongo, na unitaje."